Jina la Kwanza la Radi Kavu

Mchungaji alisoma matangazo ya ndoa za watu wengine, akaikunja karatasi yake, akaketi. Ruthu, aliyekuwa kwenye benchi la mbele upande wa akina mama, alibaki ametega sikio kama mtu aliyeitwa kisha asiambiwe alichoitiwa. Jumapili iliyotangulia jina la mwanawe Ernest lilisomwa la kwanza kabisa, pamoja na la Hilda, binti wa Mzee Ulimboka wa Mpwapwa. Leo, kimya. Akageuza macho taratibu. Wenzake wawili waliozoea kumtabasamia wakashughulika na vitabu vyao vya nyimbo kama ndiyo kwanza wanaviona.

Ibada ilipokwisha, mchungaji alimvuta kando, kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama Ernest, baba wa binti kanipigia simu. Kasema tusimamishe kwanza."

"Kosa letu ni nini, baba mchungaji?"

"Ni habari ya ile bendi."

Ruthu hakushangaa sana. Mtoto akishakuwa mpiga gitaa, mama yake hujifunza kuishi na maneno ya watu. Radi Kavu ilikuwa bendi ya roki, magitaa yake yananguruma kama lori linalopanda mlima, na siku hizi haikuwa ya Dodoma tena, ilikuwa ya nchi nzima, imeshapiga mpaka ng'ambo. Aliyeianzisha alikuwa marehemu mumewe, Elieza, mwalimu wa kwaya, miaka ile alipokuwa akienda Makutupora kufanya vibarua msimu wa zabibu. Elieza alipofariki, bendi ilikuwa bado haijulikani na mtu. Ernest alikua, akalichukua gitaa la baba yake, akajiunga na vijana walioiendeleza. Ruthu alizisikiliza nyimbo zao zote, moja baada ya nyingine, Biblia ikiwa mapajani, akisubiri tusi. Hakulipata. Akawaachia.

"Bendi imefanya nini tena?"

Mchungaji akajikuna shingo. Kumbe mtangazaji mmoja wa redio, Nasra, ana kipindi cha kutafuta chimbuko la bendi kubwa. Akauliza hewani, nani anajua jina la kwanza la Radi Kavu, kabla haijaitwa hivyo? Mtu akamtumia kipande cha video ya mazishi ya Elieza. Ndani yake yumo mtu amevaa joho la kwaya, anasema mbele ya waombolezaji wote kwamba jina la kwanza la bendi ile lilikuwa Wana wa Kuzimu, na aliyelitunga ni marehemu mwenyewe. Kipande kimezunguka kwenye simu za watu mpaka kimefika Mpwapwa.

"Mzee Ulimboka anasema kama ni mtu wa mtaani angepuuza. Lakini huyu ni mtu wa kanisani, amevaa joho, anashuhudia kaburini. Anasema hawezi kumpeleka binti yake kwenye nyumba iliyowekwa wakfu huko."

Ruthu alishukuru, akaaga, akatembea kwa miguu mpaka kwake Nkuhungu. Njiani hakulia. Alipofika alianua mlenda wake uliokuwa umekauka juani, akauweka ndani, ndipo akaketi kitandani akampigia Ernest, ambaye alikuwa Mwanza na wenzake.

"Mama, mimi sijui," Ernest alisema. "Nilipoingia ilikuwa Radi Kavu tayari. Hata hawa wenzangu walikuja baada ya baba. Wewe hakukwambia?"

"Mimi aliniambia wanapiga kelele shambani. Nikacheka, nikamfulia nguo."

"Na kama ni kweli, mama? Hilda hapokei simu. Kama baba kweli..."

"Ernest."

"Naam."

"Kwanza tujue. Kulia hakukimbii."

Alisema hivyo kwa mtoto, lakini usiku ule maombi yalikuwa magumu. Elieza alikuwa hakosi ibada. Hata hivyo shamba la zabibu ni shamba la zabibu, na mtu akikaa msimu mzima mbali na mkewe, nani ajuaye alijiita nani? Ruthu alijikuta anaomba kwa ajili ya marehemu, kisha anajikatiza, kisha anaanza tena.

Aliyejua alikuwa mmoja tu, na Mungu ni mwema, alikuwa hai. Hasani, mpiga ngoma wa kwanza, Mrangi wa Busi, aliyeacha muziki siku nyingi akarudi kulima kwao Kondoa. Ruthu alipanda basi, kisha bodaboda, akamkuta uani amepiga goti mbele ya rundo la vichwa vya alizeti, anavipiga kwa fimbo mbili. Hata alizeti alikuwa anaipigia mdundo.

"Shemeji Ruthu!" Hasani aliziacha fimbo chini. "Kuluthumu, njoo uone nani kaja! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna harusi inayotaka kuwa msiba."

Kuluthumu, mkewe, akaleta kigoda na maji ya kunywa, akaketi naye, maana mwanamke aliyetoka Dodoma mpaka Busi bila kupiga simu hakuja kuuliza hali ya hewa. Ruthu hakuzunguka.

"Hasani, nakuuliza mbele ya mkeo na mbele ya Mungu wako. Ile bendi yenu ya Makutupora, kabla haijawa Radi Kavu, mliiitaje?"

Hasani akaangalia chini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Ruthu akadhani analia. Kumbe anacheka.

"Hakukwambia? Aliona aibu, yule! Tuliitwa Ndege Hawatui."

"Mliitwa nini?"

"Ndege Hawatui. Shemeji, sisi hatukuwa bendi. Tulikuwa waamia ndege! Zabibu zikikaribia kuiva, ndege wanashuka kama mvua, mwenye shamba anatafuta vijana wa kuwafukuza. Wenzetu wana makombeo, wana madebe. Elieza akasema, kwa nini tupasuke koo? Akaleta gitaa, akalifunga kwenye spika ya betri ya gari, mimi akanipa pipa. Wewe! Tulipopiga siku ya kwanza, ndege waliruka mpaka shamba la jirani. Jirani akaja juu, anasema mmenihamishia ndege! Naye akatuajiri."

Kuluthumu akaangua kicheko. "Ndiyo maana mpaka leo hawa kuku wangu hawatagi."

"Nyamaza wewe. Basi tukienda kuomba kibarua tunajisemea, sisi ndio Ndege Hawatui. Ilikuwa sifa ya kazi."

"Mbona mkaliacha?"

Hasani akafuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Ndege walizoea. Msimu wa pili wakawa wanakuja, wanakaa kwenye nyaya, wanatusikiliza kabisa, na zabibu wanakula. Mwenye shamba akatufukuza. Mimi nikasema jina tubaki nalo, ni zuri. Elieza akakataa. Akasema ndege wanatua, tukijiita hivyo tutakuwa waongo. Jioni ile kulikuwa na radi na mvua haikunyesha. Akasema basi, tujiite hiyo."

Ruthu aliinamisha kichwa. Huyo alikuwa Elieza. Mtu wa kuacha jina zuri kwa sababu ndege wametua. Kuluthumu akamshika mkono.

"Na Wana wa Kuzimu?" aliuliza, sasa bila hofu.

"Kuzimu ipi? Mimi Mwislamu, mtoto wa mwalimu wa madrasa. Ningerudi hapa na jina hilo, baba angenitoa huku Busi kwa viboko. Nani kasema?"

Kuluthumu ndiye aliyekuwa na simu ya kisasa. Alitafuta kidogo akakipata kile kipande, akamsogezea Ruthu. Picha ilitetemeka. Ilimwonyesha mtu kwa mgongo, joho la kwaya likipepea, vichwa vya watu mbele yake. Sauti ikasema: "Mnasema huyu alikuwa mwalimu wa kwaya? Mimi namjua! Ile bendi yake ya shambani jina lake la kwanza ni Wana wa Kuzimu, kalitunga yeye mwenyewe! Leo mnamshusha chini mnalia nini? Anarudi kwao!" Hapo kipande kikakatika.

"Rudisha," Ruthu alisema. "Iweke sikioni."

Kuluthumu akarudisha. Ruthu alisikiliza amefumba macho. Halafu akajifunika kanga usoni, na Hasani na mkewe wakaona kanga inaruka juu chini.

"Shemeji! Vipi?"

"Castory," alisema Ruthu kutoka ndani ya kanga, akicheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ianze. "Ni Castory! Mhehe! Mtani!"

Hapo hata Hasani akapiga makofi. Wagogo na Wahehe ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza anavyotembea, ataingia kaburini akae humo mpaka apewe chochote, atasema uongo mkubwa mbele ya maiti, na hakuna wa kumkasirikia. Siku ile Ruthu alikuwa ndani, juu ya mkeka, amefunikwa, hakusikia lolote. Alichokumbuka ni kwamba baada ya matanga aliliona joho la mumewe lina udongo kwenye pindo, akalifua bila kuuliza.

"Basi umeshinda," alisema Hasani. "Kamwambie mkwe wako."

"Akisikia kwangu, ataona ni mama anamtetea mwanawe. Inabidi aisikie kwa kinywa kilekile."

Castory alikuwa fundi cherehani barazani, karibu na soko la Majengo. Alipomwona Ruthu anakuja aliinua miguu kutoka kwenye cherehani, akapaza sauti wapita njia wasikie.

"Mnamwona huyu? Mgogo wangu! Umekuja kuomba? Leo sina kitu, mama, nenda kanisa la pili!"

Miaka yote Ruthu alikuwa hamjibu. Castory akimtania, yeye humwambia Bwana akusamehe, anapita. Leo pia alianza kwa upole. Alimwambia kila kitu: kipindi cha redio, matangazo yaliyosimamishwa, Hilda asiyepokea simu. Castory alisikiliza, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Maskini Ernest," alisema. "Sikujua kuna mtu alirekodi."

"Basi twende Mpwapwa ukamwambie mzee."

Fundi akatikisa kichwa. "Hapo umenigusa pabaya. Nitaenda kumwambia nini? Samahani? Mtani haombi radhi, mama. Nikiomba radhi kwa ajili ya utani wa msibani, Wahehe watanicheka mpaka Iringa. Na hata hivyo wewe unaniomba kama nani? Utani ni wa wawili. Tangu Elieza atuache nakutania peke yangu kama mwendawazimu. Wewe lini umewahi kunitania?"

Ruthu alimtazama. Akatazama meza. Juu ya kitambaa cha suti ya bluu kulikuwa na mkasi wake mkubwa, wa chuma, ambao Castory hamwazimi hata ndugu yake. Ruthu akaunyanyua, akaufutia kwenye kanga, akautia kwenye mkoba wake pamoja na Biblia.

"Mama Ernest?"

"Mkasi mzuri."

"Mama Ernest, hiyo suti ya mtu, anaoa Jumamosi!"

"Hata mimi nina mtu anaoa. Kesho ukautafute Mpwapwa, nyumbani kwa Mzee Ulimboka, karibu na chuo cha mifugo. Ukichelewa nitaanza kuchinjia kuku. Au nyie Wahehe mnachinja nini, mbwa?"

Mafundi wenzake barazani wakapiga mayowe. Kitu alichotwaa mtani hakidaiwi polisi, wala hakinyang'anywi kwa nguvu. Hufuatwa. Castory alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alipiga mapaja yake, akaita angani: "Elieza! Njoo uone! Mkeo ameamka!"

Ruthu aliondoka bila kugeuka. Alipopinda kona ndipo akajisemea, Bwana nisamehe, lakini alisema huku midomo inamcheza.

Kesho yake Mzee Ulimboka alimkaribisha kwa heshima na kwa ubaridi. Alikuwa bwana mifugo mstaafu, mtu wa Tukuyu aliyeishia kuzeekea Mpwapwa, mrefu, suruali imenyooshwa. Hilda alileta chai. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alipiga goti, akasema "Shikamoo mama" kwa sauti ndogo, akarudi ndani, lakini Ruthu aliona pazia la mlango halikutulia.

"Mama, mimi sina ugomvi na wewe," alisema mzee. "Ernest ni kijana mwenye adabu. Lakini jina si kitu kidogo. Mti hujulikana kwa mzizi wake."

"Ni kweli, mzee. Ndiyo maana nimekwenda kuuchimba."

Kabla hajaendelea, sauti ililipuka nje.

"Hodi! Mwizi yumo humu? Mjane wa Kigogo, mfupi, ana mkoba mweusi! Ameniibia!"

Mzee Ulimboka alisimama haraka. Castory aliingia na vumbi lake la safari, akamnyoshea Ruthu kidole. "Huyo! Mzee, umemkaribisha jambazi! Hesabu vijiko vyako!"

"Wewe ni nani?" mzee alifoka. "Unamtukana mama wa watu nyumbani kwangu?"

Ruthu hakunyanyuka. Alikuwa anamtazama Ulimboka usoni, anasubiri.

"Mzee," alisema polepole, "hiyo sauti umewahi kuisikia wapi?"

Ulimboka akatulia. Akamgeukia Castory. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Sema, mnasema huyu alikuwa mwalimu wa kwaya."

Castory akayasema maneno yale, na alipofika kwenye "anarudi kwao" mzee alikwishaketi kitini.

"Ni wewe. Kumbe ni mtani." Akashika paji la uso. "Lakini joho! Ningekuona umevaa shati lako ningejua mara moja. Mimi nikaona joho, nikasema huyu ni mzee wa kanisa anashuhudia."

"Lilikuwa la Elieza. Nililitoa kwenye kamba. Na kaburini niliingia nikaketi vilevile, nikadai chai. Hapo hawakukuonyesha."

"Kwa nini useme jambo kama lile juu ya mtu anayezikwa?"

Castory alivua kofia. Kwa mara ya kwanza Ruthu alimwona hana utani machoni.

"Mzee, watu walikuwa wanalia tangu alfajiri. Huyu mama hakuwa amegusa hata maji. Kazi ya mtani ni kuwafanya wacheke kidogo, wapate nguvu ya kumzika mtu wao. Sasa Elieza ungemtania kwa lipi? Ningesema mlevi, kuna mwingine angedhani alikunywa kwa siri. Nilitafuta uongo ambao hata mtoto angejua ni uongo. Nikasema huyu ni mwana wa kuzimu, na watu wote wakaanguka kwa kicheko, kwa sababu hakukuwa na mtu pale aliyekuwa mbali na huko kama yeye."

Ruthu alijifuta jicho kwa ncha ya kanga. Miaka yote hii hakuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kusema.

"Na jina lenyewe?" aliuliza Ulimboka. Sauti yake haikuwa ya hakimu tena.

Ruthu alimpigia Hasani kwa simu yake ya vitufe, akaiweka sauti kubwa mezani katikati ya vikombe. Hasani alitoa salamu zote, kisha akasimulia: betri ya gari, pipa, jirani aliyehamishiwa ndege. Alipofika pale ndege walipozoea wakaanza kuja kusikiliza, Mzee Ulimboka alianza kukohoa, kisha kukoroma, kisha akacheka mpaka miwani ikamdondokea mapajani.

"Ndege Hawatui," alisema. "Na akaliacha kwa sababu ndege walitua!"

"Alikuwa hivyo, mzee," alisema Hasani kutoka Busi. "Alitukera sana."

Ulimboka aliokota miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mama, nikwambie ukweli. Tangu nimpigie simu mchungaji, binti yangu haketi mezani na mimi. Kila siku naomba Mungu aniambie nimekosea. Sijawahi kuomba kukosea maishani mwangu." Akageukia pazia. "Hilda! Acha kujificha, mpigie mwenzako. Mwambie baba yako alimwogopa fundi cherehani."

Hilda alitoka mbio, simu iko sikioni tayari. Ruthu alinywa chai yake. Ilikuwa imepoa, lakini alihisi utamu wake mpaka tumboni.

Castory akanyoosha mkono. "Sasa, mkasi wangu."

"Taja kwanza jina la mwanamke aliyekuibia," alisema Ruthu.

"Jambazi wa kanisa!"

Akampa.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana Nasra alikwishamhoji Hasani kwenye redio na kila mtu alitaka kumwona mama wa Ndege Hawatui. Mchungaji alisoma jina la Ernest na la Hilda kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Akasema kama kuna mtu anayejua kizuizi cha haki, aseme sasa.

Ruthu alikaza macho mbele. Akaomba moyoni kwa neno moja tu.

Kutoka nyuma, upande wa wanaume, mtu alikohoa. Kikohozi kirefu, cha taratibu, cha mtu anayejiandaa kusema.

Vichwa vyote vikageuka. Castory Mhehe, ambaye si muumini wa kanisa lile na ambaye hakuna aliyemwalika, alikuwa amesimama, kofia mkononi, macho yameinuliwa kama malaika.

Ruthu aligeuka benchini. Alimtazama tu, mkono wake ukiwa juu ya mkoba.

"Vumbi," alisema Castory, akaketi haraka.

Kanisa zima lilicheka, hata mchungaji, hata wale wawili wa vitabu vya nyimbo. Ruthu akageukia mbele, akaimba.